Kisigino Kwanza, Mura

Buti zilizoachwa nje ya mlango zilikuwa zimelika visigino peke yake. Mbele soli ilikuwa bado na meno yake yote. Nyuma mpira umesagika kimshazari hadi kitambaa cha ndani kinachungulia. Nilikuwa Butiama kwa habari ya bei ya muhogo, habari ambayo mhariri ananidai mpaka leo, lakini macho yangu yalinasa hapo. Mkulima hamalizi kiatu namna ile.

"Hizo ni za kuteleza," alisema mwenyewe, akitoka ndani na kikombe cha uji. "Wazungu wana theluji yao na mbao zao za miguuni. Sisi kule juu tuna kokoto, mura."

Kule juu ni Kibo. Kijana huyu wa Kizanaki, mwenye miaka thelathini na kitu, alianza Kilimanjaro kwa kubeba mizigo. Alikuwa mmoja wa wale wanaojiita wagumu, kilo 20 za mgeni kichwani na begi lake mwenyewe mgongoni. Sasa ni msaidizi wa kiongozi wa msafara. Masika ikianza na wageni wakipungua, hupanda basi linalokatiza Serengeti, akaja kumsaidia mama yake shambani hadi Juni. Jina lake ameniomba nisiliandike. Sababu yake inakuja.

Wageni huambiwa kwamba wanaondoka kambi ya Barafu usiku wa manane ili walikute jua likichomoza kileleni. Hiyo ni sababu mojawapo. Nyingine, ambayo haimo kwenye vipeperushi vya watalii, iko chini ya miguu. Sehemu ya mwisho ya kupanda ni changarawe na majivu ya volkano. Usiku baridi huigandisha, ikashikana, mtu akaikanyaga kama sakafu. Jua likishatoka inaachia, na ukijaribu kupanda saa nne asubuhi kila hatua mbili zinakurudisha moja. Wanaoshuka ndio hufaidi.

"Ukisimama Stella Point, ukingoni mwa kreta, asubuhi unaiona imelegea, inakuita," alisema. "Wageni wanataka kushuka kwa vidole, kwa sababu wanaogopa. Vidole vinakuangusha kifudifudi. Sisi tunawaambia kisigino kwanza. Unakichimbia ndani, unakunja goti kidogo, mwili unaurudisha nyuma, si sana, kiasi cha mtu anayekataa kusukumwa. Halafu unaiacha kokoto ikubebe. Mguu mmoja unaenda mita moja, mita mbili, kabla haujasimama tayari umeshatupa wa pili."

Alikwenda kunionyesha kwenye lundo la moramu kando ya barabara. Alipanda, akageuka, akajiachia. Lundo lenyewe halizidi kimo cha mtu, lakini aliteremka mara tatu bila kuinua mguu kama sisi tunavyouinua. Nyayo hazikuonekana, ilibaki mifereji miwili sambamba. Mikono ilikuwa imelegea, kidevu juu, na uso wake umebadilika kabisa. Watoto wawili waliokuwa wakichunga mbuzi walijaribu baada yake, wakakalia makalio. Nami nilijaribu. Tuyaache hayo.

Kutoka Stella Point, mita 5,756, hadi Barafu, mita 4,673, ni kama mita 1,080 za kwenda chini. Ziwa letu hapa Musoma, Victoria, liko mita 1,134 juu ya bahari. Fikiria basi kuteleza kutoka Mwigobero, ufukweni mwa ziwa hilo, hadi Bahari ya Hindi, ukifika pwani unapiga chafya nyeusi. Vumbi hilo linaingia masikioni, kwenye meno, ndani ya saa ya mkononi. Anayeshuka nyuma hamwoni anayeshuka mbele, hivyo hupigiana mluzi.

Raha yenyewe huja pale mgeni aliyezidiwa amesharudishwa mapema, na waongozaji wawili watatu wanabaki mikono mitupu. Hapo hushuka pamoja, kila mtu na mstari wake, na wa mwisho kufika kambini anawachotea wenzake maji. Theluji ikiwa imeanguka usiku hurushiana madonge kama watoto. Kuteleza juu yake kijana hataki. "Ile laini ya juu inakudanganya. Chini yake kuna barafu ngumu, na barafu haina breki."

Mbao za miguuni nazo zimewahi kufika huko. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo na kuteleza nazo juu ya theluji yake. Jina la Furtwängler limebaki kwenye kipande cha barafu karibu na kilele. Mwaka huohuo wa 1912 ndio ambao watafiti huuanzia wanapopima barafu ya Kibo, na kufikia 2007 walikuta kiasi cha asilimia 85 ya eneo lake imekwisha. Nilipomtajia hesabu hiyo hakushtuka. Alisema wakongwe wa kazi humwonyesha mahali palipokuwa na ukuta wa barafu, na leo pana kokoto.

"Kwa hiyo kwenu wanaoteleza panazidi kuwa pazuri," nilimwambia, nikitania.

Hakucheka. "Mgeni hatoki kwao kuja kuangalia kokoto."

Umbali mfupi kutoka kwao ni Mwitongo, alipozikwa Mwalimu Nyerere. Kila Mtanzania amesoma habari za mwenge aliotaka uwashwe juu ya Kilimanjaro, na za Luteni Alexander Nyirenda aliyeupandisha pamoja na bendera usiku wa Uhuru, Desemba 1961. Kijana amepiga picha nyingi za wageni kwenye ubao wa Uhuru, mita 5,895, lakini ya kwake hana hata moja ukutani. Hapo ndipo ilipo ile sababu ya kuficha jina: mama yake anaamini mwanawe ni mpishi wa hoteli mjini Moshi. Aliwahi kusikia redioni kwamba mlima ule unaua watu kwa baridi, akaiapisha nyumba nzima isiukaribie.

Magoti yameanza kumsumbua. Akikaa kwenye kigoda huinuka kwa kushika fremu ya mlango, na mama hudhani ni kusimama jikoni mchana kutwa. Amewaona wenzake wakiacha kazi kabla ya miaka arobaini kwa maumivu ya namna hiyo. Nilimuuliza kama yupo anayeyaandika magoti hayo popote, kampuni, chama, hospitali. Alinitazama kama niliyeuliza bei ya mwezi. Nikauliza basi kwa nini asishuke polepole, kama wageni wanavyohimizwa kupanda.

"Siku nzima nimebeba watu," alisema. "Dakika zile nabebwa mimi."

Kabla ya msimu atapita soko la Memorial, Moshi, kutafuta buti nyingine za mtumba. Kwanza hubonyeza kisigino, mengine baadaye. Mdogo wake wa miaka kumi na tisa, ambaye siri ameshaijua, anataka wapande basi la Juni pamoja. Kaka hajampa jibu. Mama ndiye anayemsukuma amchukue, kwa sababu hotelini, anasema, hawakosi kazi ya kuosha vyombo.