Wimbo unafika Ubwari mbele ya silabusi



Kila mwaka masomo yakianza, wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wanatuletea swali moja: "Yaya, nitie programu gani mu simu juu niweze kusoma vizuri?" Mbele ya kujibu, na mimi niko na swali. Wimbo mpya ukitoka Kinshasa, unachukua siku ngapi kufika Ubwari? Wenye kuijua ile rasi wanajua kama kuko vijiji vyenye mtu anapanda mlima kutafuta rezo, anainua simu juu ya kichwa, anageuka huku na huku, na bado ujumbe hauendi. Lakini wimbo unafika. Nyuma ya juma moja ao mbili watoto wa kule wanauimba. Filme zinafika, hata mechi za mpira zinafika, na hakuna mtu wa kule aliyetumia hata mega moja.

Zinafika namna gani? Kuko kijana mwenye kompyuta moja sokoni, na sahani ya jua juu ya bati. Yeye alilipa koneksyo mara moja, ao alipewa na mwenzake wa Uvira. Watu wanamletea kadi za kumbukumbu na flashi, wanalipa franka kidogo, anawajazia, wanaingia mu boti, wanarudi kwao. Kule simu moja inagawia simu kumi kwa Bluetooth ao kwa Xender. Mtu mmoja analipa, mia wanapata. Hiyo njo intaneti yetu ya kweli, na inafanya kazi hata siku yenye minara yote imelala.

Basi jibu langu kwa wadogo ni hili: acha kutafuta programu. Tafuta namna ya kuingiza kozi mu ile njia ya nyimbo.

Najua kuko watakaosema kama chuo kikuu si muziki. Ni kweli. Lakini tazameni vile tunavyosoma. Mwalimu anaimla, sisi tunaandika, kiisha kunakuwa silabusi moja kwa watu sitini, na maktaba yenye vitabu ambavyo vingine vinapita umri wa baba zetu. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 serikali ilitutia sisi wote mu mfumo wa LMD, kila mwaka krediti 60, na ndani ya krediti mnahesabiwa pia kazi ambayo mwanafunzi anafanya peke yake nje ya darasa. Peke yake na nini? Nje ya darasa, wengi wetu hatuna kitu kingine cha kusomea isipokuwa simu. Kama simu haina kozi ndani, ile sehemu ya krediti inabaki ya karatasi tu.

Sasa tuingie mu mambo yenyewe. Kizuizi cha kwanza ni uzito, na hapa wengi wanapotea bila kujua. Mwenzako akipiga picha silabusi ya kurasa 80 na simu yake, kila picha inaweza kuwa na mega 3. Piga hesabu: mega 240 kwa kozi moja. Akizituma mu grupu la WhatsApp kama picha za kawaida, WhatsApp inazibana, zinakuwa nyepesi, lakini maandishi madogo na fomula vinageuka ukungu. Mwanafunzi wa takwimu hawezi tena kujua kama ile ni 3 ao 8. Akizituma kama dokima, zinabaki safi, lakini ni mzigo, na watu nusu ya grupu hawatazifungua kamwe. Ukikaa majuma mengi bila kufungua, siku unataka kusoma simu inakuambia faili haipo tena, umwombe aliyeituma aitume upya. Hiyo siku kwa kawaida ni usiku wa kuamkia mtihani.

Dawa iko. Kuko programu za kupiga karatasi picha na kuzigeuza PDF nyeusi na nyeupe. Kurasa zile zile 80 zinashuka mpaka mega 10 ao 15, na zinasomeka kuliko zile picha za rangi. Na kama kozi imeandikwa kwa kompyuta, mwenyewe akikubali kutoa ile faili ya maandishi matupu, ni mega moja ao mbili tu, hata simu yenye kujaa inapata nafasi. Tena mu maandishi ya namna ile unaweza kutafuta neno, jambo ambalo picha haikupi. Sauti nayo hivyo hivyo: saa moja ya somo, ukirekodi vile simu imepangwa, inaweza kufika mega 50 ao 60. Punguza ubora mu rekoda, mwalimu anasikika bado, na unapata kama mega 10 ao 15. Video, sitaongea mingi: kwa sisi video ni ya kupokea mu kadi, si ya kupakua.

Mu WhatsApp yenyewe, ingia mu mipangilio, pale pa hifadhi na data, uzuie picha na video zisijipakue zenyewe. Forfe yako inaisha juu ya vichekesho vya grupu la familia, kiisha unasema kusoma kwa simu ni gali.

Kuhusu moto wa umeme pia. Wengi tunachaji kwa jirani mwenye sahani ao mu nyumba ya kuchaji, unaacha simu saa nyingi na unalipa. Pahali penye rezo dhaifu, simu inakula batri kwa kutafuta mnara bila kupumzika. Ukiwa unasoma PDF, tia simu mu hali ya ndege. Nilisoma hivyo mwaka wangu wa mwisho, batri ilinivusha usiku mbili mahali palipokuwa panaisha kwa moja.

Kwa maktaba, kuko kitu kinaitwa Kiwix. Ni bure, kipo tangu 2007, na kazi yake ni kuweka Wikipedia nzima mu simu ao kompyuta uisome bila rezo hata kidogo. Wikipedia ya Kifaransa ikiwa na picha zote inapita giga 30, kwa hiyo usijaribu kuipakua na forfe yako; hapo ndipo tunarudi kwa yule kijana wa sokoni, ao kwa mtu anayetoka Bujumbura na flashi. Lakini kuko vipande vyepesi: toleo bila picha, na lile la mambo ya tiba peke yake, linalowafaa sana wale wa uuguzi na afya. Jambo moja lilinichosha siku mbili, nawaambia ili lisiwachoshe: kadi za kumbukumbu nyingi zimepangwa kwa namna inayoitwa FAT32, na kadi ya namna ile haipokei faili inayopita giga 4. Kopi inakatika katikati na huelewi juu ya nini. Ipangwe upya kwa exFAT (kwanza toa vitu vyako vyote, juu inafuta), kiisha inakubali.

Kizuizi cha pili si cha mashini, na hapa wengine watanikasirikia. Kuko walimu hawapendi silabusi yao itembee mu simu, juu silabusi njo mkate wao. Mshahara unachelewa, kwa wengine haupo, na ile pesa ya silabusi inalisha watoto. Sisi wanafunzi tunapenda kuwasema vibaya, lakini mimi leo niko upande ule wa ubao na ninaelewa. Kwa hiyo siwaambii mwibe kozi ya mtu. Nimeona promosyo moja iliongea na asistanti wao: waliunganisha pesa, kila mmoja alitoa kidogo kuliko bei ya karatasi, yeye akatoa faili, na wale wanne waliokosa pesa wakaipata pia. Yeye alipata zaidi kuliko alivyopata mwaka wa mbele, juu mbele watu kumi walikuwa wananunua na hamsini wanaenda kupiga fotokopi.

Kizuizi cha tatu ni grupu la WhatsApp lenyewe. Limekuwa ubao wa matangazo, ofisi na mlango wa darasa. Nilipokuwa mwanafunzi, mtihani mmoja ulisogezwa siku mbili mbele kwa ujumbe wa usiku mu grupu. Mwenzetu mmoja alikuwa na simu ndogo ya vitufe, ile ya tochi. Alikuja siku ya zamani, amevaa vizuri, na kalamu mbili, akakuta darasa tupu. Ile kozi alirudia mwaka uliofuata. Hakuna aliyemkosea kwa makusudi: CP alituma ujumbe, na kwa yeye ujumbe ukitumwa umefika. Tangu siku ile nasema kila mara: tangazo la mtihani liende mu grupu, liandikwe kwa karatasi mlangoni, na CP awe na orodha ya wasio na simu kubwa awapigie ao awatumie SMS. SMS inafika kwa simu ya tochi. Huko Kenya, Eneza Education waliwapa wanafunzi wa shule masomo na maswali kwa SMS tu, na wakati wa korona mu 2020 shule zilipofungwa, watoto wengi walisomea hivyo. Kama somo linapita mu SMS, siku ya mtihani haiwezi kupita?

Na tusisahau kama simu kubwa kwetu haikuwa rahisi hata mbele ya serikali. Mnakumbuka ile kodi ya RAM? Ilianza Septemba 2020, wakakata dola 7 kwa mwaka kwa simu za 3G na 4G, dola 1 kwa zile ndogo, wakichukua mu yuniti ulizonunua. Unatia yuniti upige nyumbani, unakuta hewa. Ilifutwa 2022, nyuma ya kelele nyingi.

Sasa nielezee juu ya nini nimeandika haya leo, si mwaka uliopita. Februari 2025, Bukavu ilipoingia mu mikono ya M23, wengi wa watoto wa Fizi waliokuwa wanasoma kule walirudi nyumbani vile walivyoweza, wengine kwa mguu, wengine kwa boti. Niliwapokea wawili nyumbani kwetu. Mmoja alikuwa na begi la nguo. Madaftari ya miaka mitatu yalibaki mu chumba alichopanga, na mpaka leo hajui kama chumba kile kiko na mlango. Mwingine alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, na ndani mulikuwa kila kitu: kozi, sauti za walimu, kazi yake ya mwisho mpaka sura ya pili. Hakuwa mwerevu kuliko mwenzake. Alikuwa tu na mazoea ya kupiga daftari picha kila Jumamosi. Walikaa mezani pamoja, yule wa pili akamgawia wa kwanza zile kozi walizokuwa nazo pamoja, kwa Bluetooth, na mega sifuri.

Lakini simu pia inaibwa, inatumbukia ziwani, inachukuliwa kwenye vizuizi vya njiani. Kozi yenye kukaa mu simu moja peke yake bado haijaokoka. Iwe mu simu, mu kadi iliyotolewa na kufichwa pengine, na mu simu ya rafiki anayekaa mtaa mwingine. Mwenye rezo aitume pia kwa barua pepe yake mwenyewe.

Kwa finalisti, neno moja juu ya TFC. Wengi wenu mmekwisha kufanya kazi ya uchunguzi kwa mashirika huku Baraka, Lusenda ao Mulongwe, na mnakijua KoboCollect. Kilizaliwa kwa watafiti wa Harvard Humanitarian Initiative, kinajaza maswali bila rezo na kinatuma majibu ukifika penye rezo. Kwa nini mnakitumia kwa pesa ya shirika, kiisha kwa kazi yenu wenyewe mnarudi kwa makaratasi yanayoloa mvua? Akaunti ni bure. Onyo tu: ukimwuliza mama mkimbizi maswali na simu mkononi, anaweza kufikiri unaandikisha majina ya msaada. Mwambie mapema kama wewe ni mwanafunzi na hakuna kitu kitatoka, na usitie jina lake.

Na wale wa kuomba akili bandia iwaandikie sura ya kwanza: niliiuliza juu ya historia ya Wabembe, ikanijibu kwa Kifaransa kitamu sana, na tarehe ambazo mzee wangu alicheka mpaka akakohoa. Itumieni kusahihisha Kifaransa chenu. Kwa mambo ya Fizi, mwulizeni mzee.

Kadi yangu iko na silabusi za mwaka wa kwanza na wa pili ambazo wenyewe walikubali zitembee, pamoja na Kiwix ya tiba. Mwenye kurudi Ubwari ao Kazimia mu likizo apite Jumamosi asubuhi na kadi ya giga 16 ao zaidi, na simu iwe imechajiwa, juu kwangu sahani inatosha taa tu.