Sumaku Chini ya Nyuzi: Namna ya Kusawazisha Sauti ya Gitaa la Umeme

Katika bendi nyingi za muziki wa dansi gitaa la solo hulaumiwa kwa makosa yasiyo yake. Uzi mmoja hupiga kelele kuliko jirani zake, mwingine hufifia katikati ya wimbo, na mpigaji abadilishapo swichi sauti hupanda ghafla au huzama chini ya gitaa la ridhim. Aghalabu lawama huangukia nyuzi au amplifaya, na fedha hutumika kununua vipya. Kumbe mara nyingi dosari hiyo si zaidi ya milimita moja ya nafasi iliyo kati ya nyuzi na sumaku, na dawa yake ni bisibisi.

Gitaa la umeme halisikilizi hewa kama isikilizavyo maikrofoni. Chini ya nyuzi zake kuna kifaa ambacho mafundi hukiita pikapu, jina moja na lile la magari madogo ya mizigo. Ndani yake mna sumaku, na kuzunguka sumaku hizo umeviringwa waya wa shaba mwembamba kama unywele. Katika gitaa aina ya Stratocaster, lililotolewa na kampuni ya Fender ya Marekani mwaka 1954, waya huo una unene wa milimita 0.06 hivi, na mizunguko yake hukaribia 8,000. Chini ya kila uzi kimesimamishwa kijiti kimoja cha sumaku. Kijiti hicho huufanya uzi wa chuma ulio juu yake uwe nao sumaku hafifu. Uzi utetemapo, uga wa sumaku upitao ndani ya koili hubadilika, na mabadiliko hayo huzaa umeme katika waya. Kanuni hii aliigundua Michael Faraday mwaka 1831, nayo ndiyo itumikayo katika jenereta za Kidatu na Mtera. Tofauti ni kwamba pikapu hutoa sehemu ndogo tu ya volti moja, na amplifaya ndiyo hukikuza kiasi hicho mpaka spika iweze kusukuma hewa.

Msomaji atakumbuka kwamba katika kanuni ya Faraday volteji hutegemea kasi ya mabadiliko ya uga. Kwa hiyo mambo kadhaa huamua nguvu ya sauti ya uzi: upana wa mtetemo wake, idadi ya mitetemo kwa sekunde, wingi wa chuma kilichomo ndani yake, na umbali wake kutoka kwenye sumaku. Hilo la mwisho ndilo lililo rahisi kubadili, nalo lina nguvu ya kushangaza, kwa kuwa uga wa sumaku ndogo hupungua upesi sana kadiri mtu anavyokwenda mbali nayo. Robo mzunguko tu wa skrubu huweza kusikika.

Kwanza ni vema kutazama tofauti baina ya pikapu na pikapu. Katika Stratocaster urefu wa uzi ulio wazi ni kama sentimita 64.8. Pikapu ya shingoni iko kiasi cha sentimita 16 kutoka darajani, yaani robo ya uzi, na pikapu ya darajani iko kama sentimita 4 tu. Uzi haupepei sawasawa mahali pote: katikati hupepea sana, na kwenye ncha zake hausogei kabisa. Ikiwa mtetemo wake mkuu una upana wa milimita 1 pale katikati, basi juu ya pikapu ya shingoni ni kama milimita 0.7, na juu ya ile ya darajani ni milimita 0.2 tu. Kwa hiyo pikapu mbili zilizoundwa sawa na kuwekwa kimo kimoja haziwezi kutoa sauti sawa. Ile ya darajani yapasa isogezwe karibu na nyuzi, na ile ya shingoni ishushwe. Hata hivyo rangi ya sauti itabaki mbalimbali, ya darajani ikiwa kali na ya shingoni nene, kwani kila mahali pa uzi pana mchanganyiko wake wa mitetemo midogo. Tofauti hiyo si kasoro. Ndiyo sababu ya kuwekwa pikapu zaidi ya moja.

Uzi wa tatu una kisa chake. Gitaa hili lilipobuniwa, uzi wa tatu ulikuwa umeviringwa waya juu ya kiini chembamba cha chuma, na sauti yake katika pikapu ilikuwa dhaifu. Ndiyo maana kijiti cha sumaku kilicho chini yake kilisimamishwa juu kuliko vingine. Baadaye, hasa tangu miaka ya 1960, wapigaji wengi walipendelea nyuzi laini zaidi, na uzi wa tatu ukawa wa chuma kitupu. Katika seti ya kawaida unene wake ni milimita 0.43, hali uzi wa pili una milimita 0.33. Tofauti yaonekana ndogo, lakini eneo la mkato hufuata mraba wa kipenyo. Uzi wa tatu basi una chuma mara 1.7 ya uzi wa pili, na juu ya hayo umekaa juu ya kijiti kilichoinuliwa kwa ajili ya uzi wa zamani. Si ajabu kwamba katika magitaa yaliyofuata mfano huo uzi wa tatu hupayuka.

Wako wanaojaribu kukigonga kijiti hicho ili kishuke. Jambo hilo ni la hatari. Katika pikapu za namna hii waya mara nyingi huzungushwa moja kwa moja juu ya sumaku, na kijiti kikisogea huweza kuukata. Ni heri kuishusha pikapu nzima kidogo, au kutafuta pikapu yenye vijiti vya kimo kimoja. Pikapu za koili mbili, alizozibuni Seth Lover wa kampuni ya Gibson mwaka 1955 ili kuondoa mvumo wa umeme wa majumbani, kwa kawaida huwa na skrubu chini ya kila uzi, na hapo kazi ni nyepesi zaidi.

Mtu angeweza kudhani kwamba kadiri sumaku inavyokuwa karibu ndivyo mambo yanavyokuwa mema. La. Sumaku huuvuta uzi. Mvuto huo huwa mkubwa upande wa juu na chini kuliko upande wa kushoto na kulia, hivyo uzi mmoja hupata marudio mawili yanayotofautiana kidogo. Marudio hayo yakikutana hufanya mapigo: sauti hupanda na kushuka, na gitaa halikubali kukaa sawa hata likikazwa kwa uangalifu. Dalili hii husikika hasa kwenye nyuzi nene zikibanwa juu ya shingo, karibu na pikapu.

Kazi ianze baada ya nyuzi mpya kufungwa na kimo chake kurekebishwa. Kila uzi ubanwe kwenye freti ya mwisho, kisha upimwe nafasi toka chini yake hadi kwenye sumaku. Kwa pikapu za mfano wa Stratocaster ya zamani, milimita 2.4 kwa uzi wa sita na 2.0 kwa uzi wa kwanza ni mwanzo mzuri. Kisha amplifaya iwekwe katika sauti safi, nyuzi zipigwe kwa nguvu moja, na sikio liamue. Pikapu dhaifu kuliko zote iwe kipimo, na zenye kelele zishushwe mpaka zilingane nayo.

Shule yenye osiloskopu inaweza kuthibitisha haya darasani. Gitaa liunganishwe moja kwa moja na chombo hicho, uzi mmoja upigwe mara kadhaa, na kimo cha wimbi kiandikwe kila pikapu inaposhushwa kwa nusu milimita. Mchoro wa kimo cha wimbi dhidi ya umbali hautakuwa mstari ulionyooka.