Koyote Mjanja Huitwaje Usiku?

Wafugaji wa kondoo huko Marekani wana adui aitwaye koyote, wa jamii ya bweha wetu lakini mkubwa zaidi. Katika majimbo yanayoruhusu, humwinda usiku kwa kumwita: mtu hupuliza filimbi iliayo kama sungura aliyeumia, kisha hungoja kimya.

Lakini koyote aliyewahi kukoswa na risasi haji moja kwa moja. Huzunguka hadi kule upepo unakoelekea, anuse kwanza ni nani aliaye. Kwa hiyo mwindaji hodari humweka mwenzake upande huo, na filimbi hubadilisha.

Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Bweha akikula wana-kondoo, wafunge bomani kabla ya jua kutua, na uzibe matundu ya chini.