Je, Wajua? Korona Ilipomfungia Mlango Mwenye Nyumba

Je, wajua kwamba mwaka 2021 zilikuwepo siku 12 ambazo raia wa Australia angeweza kufungwa jela kwa kosa la kurudi nchini kwake? Amri ilitangazwa Aprili 30 na ikaanza kazi Mei 3, chini ya Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2015. Aliyekuwa India ndani ya siku 14 kabla ya safari asikanyage Australia. Aliyekaidi angekabiliwa na kifungo cha hadi miaka 5, au faini ya hadi dola 66,600 za Australia, au vyote viwili.

Wakati huo India ilikuwa katika wimbi la korona baya kuliko yote. Hospitali za Delhi ziliishiwa oksijeni na matanuru ya kuchomea maiti hayakupoa. Waaustralia wapatao 9,000 walikuwa wamejiandikisha kwa serikali yao wakiomba kurudi. Mmoja wao alifungua kesi katika Mahakama ya Shirikisho, na Mei 10 mahakama ikatupilia mbali hoja zake za kwanza: sheria, alisema jaji, ilimpa waziri wa afya mamlaka hayo.

Ndege ya kwanza baada ya marufuku ilitua Darwin Mei 15. Ilipangiwa watu 150 ikawasili na 80. Wengine walizuiwa Delhi kwa sababu vipimo vilionyesha wana virusi, au walikuwa karibu na wenye virusi. Yaani waliobaki nyuma ndio hasa waliozihitaji hospitali za kwao.

Je, wajua kwamba Australia iliwazuia raia wake kutoka pia? Kuanzia Machi 25, 2020 hadi Novemba 1, 2021, kusafiri nje kulihitaji kibali maalumu. Agosti 2021 zuio likawagusa hata Waaustralia wenye makazi ya kudumu ughaibuni: ukija kumzika mzazi, kuondoka kurudi kwa watoto wako kulihitaji ruhusa ya serikali.

Na wajua kilichowakwamisha wengi hakikuwa marufuku bali hesabu? Kuanzia Julai 2020 serikali iliweka kikomo cha abiria wanaoingia kila wiki, kwa sababu vyumba vya karantini hotelini vilikuwa vichache. Julai 2021 kikomo hicho kilikatwa nusu, wakabaki abiria kama 3,000 kwa wiki kwa nchi nzima. Ndege kubwa zikawa zinatua na watu wachache mno, na mashirika yakawapa nafasi kwanza walionunua daraja la juu. Mwenye tiketi ya kawaida alifutiwa safari mara mbili, mara tatu. Akifika salama, jimbo la New South Wales lilimdai dola 3,000 za karantini ya siku 14. Familia ya wazazi wawili na watoto wawili, 5,000.

New Zealand ilikwenda mbali zaidi: Septemba 2021 iligeuza vyumba vya karantini kuwa bahati nasibu. Unaingia kwenye foleni ya mtandaoni, kompyuta inakupa namba bila kujali kama mama yako yuko mahututi au kama una mimba ya miezi minane. Aprili 2022 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba mfumo huo ulikiuka haki ya baadhi ya raia ya kuingia kwao. Hukumu ya haki kabisa, ingawa iliwafikia wengi wakiwa wamekwishateseka.

Ujerumani ilifanya kinyume. Kuanzia katikati ya Machi 2020 ilikodi ndege zaidi ya 260, na kwa wiki chache ikafanikisha kurejea kwa watu wapatao 240,000, pamoja na waliopanda ndege za kawaida. India nayo ilituma meli za kivita: Mei 10, 2020, INS Jalashwa ilitia nanga Kochi ikitoka Maldives na watu 698.

Huku kwetu je? Uganda ilipofunga mipaka Machi 2020, abiria wote walizuiwa kuingia, Waganda wakiwemo. Malori ya mizigo yaliendelea kuvuka mpaka wa Malaba. Uwanja wa Entebbe haukufunguliwa kwa safari za kawaida hadi Oktoba 1. Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa Machi 25 na kuzifungua Agosti 1. Katika zile chache za kuwarudisha Wakenya kutoka London, Mumbai na Guangzhou, abiria alijilipia nauli. Tanzania ilifungua anga mapema, Mei 18.

Walioumia kuliko wote hawakuwa na pa kukata rufaa. Nchini Lebanon, wafanyakazi wa ndani wa kigeni wapo chini ya mfumo wa kafala: kibali cha kuishi kinamtegemea mwajiri, na mara nyingi pasipoti anaishika yeye. Uchumi ulipoporomoka, Juni 2020 waajiri waliwashusha wanawake wa Ethiopia mbele ya ubalozi wao mdogo karibu na Beirut na kuwaacha barabarani na mabegi yao. Agosti 4 bandari ya Beirut ikalipuka. Mwezi huohuo wanawake wa Kenya waliandamana mbele ya ofisi inayoiwakilisha nchi yao, wakidai jambo moja tu: kurudishwa nyumbani.

Je, wajua kwamba mwishoni mwa 2020 mabaharia wapatao 400,000 walikuwa wamekwama melini, mikataba imekwisha na bandari haziwaruhusu kushuka? Wao ndio walioleta ngano na dawa tulipojifungia ndani.

Na je, wajua kwamba sheria haikuwa kimya? Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ibara ya 12, unakataza kumnyima mtu kiholela haki ya kuingia nchini kwake. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia ilisema mwaka 1999 kwamba ni vigumu kupata hali yoyote ya kuhalalisha jambo hilo. Kupima, kutenga, kuchelewesha kwa siku kadhaa, hayo naweza kuyatetea. Kumfungia raia nje kwa mwaka mzima, siwezi.

Haki hiyo imo pia katika ibara ya 39 ya Katiba ya Kenya na ya 17 ya Katiba ya Tanzania. Kama una ndugu Muscat, Beirut au Guangzhou, mpigie leo umwambie ajiandikishe ubalozini na atunze nakala ya pasipoti yake mahali ambapo mwajiri hafiki.