Swali la Magamba Lililofika Badajoz

Mwaka 1969 jarida la Physics Education la Uingereza lilichapisha makala fupi yenye waandishi wawili. Jina lililotangulia ni la Erasto Mpemba, kijana aliyekuwa akisomea usimamizi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, mkoani Kilimanjaro. La pili ni la Dkt. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Mpemba tunamjua. Huyu wa pili tunamtaja kwa haraka, na kwa maoni yangu tunamdhulumu.

Osborne alikuwa Mwingereza aliyefundisha Ghana kabla ya kuja Dar es Salaam miaka ya 1960. Siku moja alikwenda Iringa kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa, na baada ya mazungumzo akaruhusu maswali. Mpemba akasimama. Aliuliza kwa nini maji ya nyuzi 100 yakiwekwa kwenye friji pamoja na maji ya nyuzi 35 ya ujazo uleule, yale ya moto hutangulia kuganda.

Alikuwa na swali hilo tangu 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe ndipo wanayaweka kwenye friza. Nafasi ilipokuwa inakwisha, Mpemba aliingiza yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa, yalikuwa bado uji. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Mwuza aiskrimu wa Tanga alimwambia kwamba ndivyo wao wanavyofanya kila siku ili biashara iende upesi.

Osborne naye hakuamini. Lakini alimwuliza kijana kama amelijaribu mwenyewe, na aliporudi chuoni akamwomba fundi wa maabara alijaribu. Fundi alileta jibu kwamba maji ya moto yametangulia, akaahidi kuendelea kurudia hadi apate matokeo sahihi. Matokeo yaliendelea kuwa yaleyale. Hapo Osborne aliyakubali, akamwalika Mpemba waandike pamoja. Msomi mwenye shahada ya uzamivu kulitanguliza jina la mwanafunzi si jambo dogo hata leo, na Osborne alilifanya bila kulazimishwa na mtu.

Majaribio yao yalikuwa ya kawaida kabisa. Walitia mililita 70 za maji katika bika za mililita 100, wakaziweka juu ya kipande cha povu gumu jeupe la kufungashia ndani ya friji ya nyumbani. Kipande hicho kilikuwa na sababu yake. Wapo wanaosema chombo cha moto huyeyusha jalidi iliyo chini yake, kikagusana vizuri na ubaridi; kizuizi hicho kiliiondoa hoja hiyo. Wengine husema maji ya moto hupungua kwa kugeuka mvuke. Osborne alipima upungufu huo akauona hautoshi kueleza tofauti. Yeye alielekea kwenye mzunguko wa maji ndani ya chombo: yale ya moto hubaki na uso wa juu wenye joto zaidi, na joto hupotelea hapo.

Tukio lenyewe halikuwa geni. Aristotle alilitaja zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na Bacon na Descartes wakalirudia. Wala ubishi haujaisha. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walipima muda wa maji kufika nyuzi 0 na hawakuona dalili ya kuaminika ya maji ya moto kutangulia. Walionyesha pia kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kuleta jibu la uongo. Ni onyo la haki. Lakini kufika nyuzi 0 si kuganda. Maji yanaweza kushuka chini ya hapo yakabaki kimiminika.

Mwaka 2017 swali likaingia Hispania. Andrés Santos na Francisco Vega Reyes, walimu wa Chuo Kikuu cha Extremadura kule Badajoz, pamoja na Antonio Prados wa Sevilla na Antonio Lasanta, waliyaacha maji kabisa. Walichukua chembechembe ngumu zinazogongana na kupoteza nishati kila zinapogongana, kama korosho zinazorushwa kwenye ungo. Kwa chembe hizo, jotoridi ni wastani wa nishati ya mwendo wao. Walionyesha kwa hesabu na kwa kompyuta kwamba wastani huo peke yake hautoshi kutabiri mambo. Makundi mawili yanaweza kuanza na mgawanyo tofauti wa kasi. Lile la moto likiwa na chembe nyingi zaidi za kasi kubwa mno, hupoteza nishati upesi hadi kulipita lile la baridi. Walipata na kinyume chake: katika kupashwa moto, lililoanza na baridi linaweza kutangulia. Jina walilolipa jambo hilo ni la Mpemba.

Hili ndilo linalonifurahisha zaidi katika historia nzima. Kipimajoto kinasema neno moja tu juu ya kitu, na kitu kina mengi ya kusema.

Kwa walimu wa bonde la Mbwemkuru, kule Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi, jaribio la maji la Mpemba na Osborne linahitaji friji na uvumilivu tu. Na wanayo nafasi ya kuongeza kitu. Mwaka 2009 Jonathan Katz wa Marekani alidai kwamba chumvi za kalisi na magnesi ndizo zenye siri: kuchemsha huzitenga na maji, na maji yaliyobaki nazo huchelewa kuganda. Basi wanafunzi wachote maji ya mto, ya kisima na ya mvua, wayajaribu kila moja ya moto na ya baridi. Vikombe viwe sawa, ujazo upimwe, vikalie kitu kisichopitisha joto. Waamue kabla ya kuanza ni dalili ipi wataiita kuganda, utando wa kwanza wa barafu au kipande kizima. Nafasi za vikombe zibadilishwe kila mara, maana kona za friza hazina ubaridi mmoja. Na kila jibu liandikwe kwenye daftari, hasa lile ambalo mwalimu hakulitarajia.