Kondoo wa Dakawa hana sufu

Picha nyingi za kufundishia Biblia zinazozunguka makanisani kwetu zimechorwa Ulaya au Marekani, na kondoo wake ni weupe, wa duara, wenye sufu nene. Mwonyeshe mtoto wa Kimasai wa miaka mitano pale Dakawa, umuulize ni mnyama gani. Atasema mbwa, au atanyamaza kwa adabu. Kondoo anaowajua yeye wana manyoya mafupi, wengi ni wekundu, na mkia wao umejaa mafuta. Mgeni wa mjini huwadhani mbuzi, na ni mtoto huyohuyo atakayemfundisha mwalimu wake kuwatofautisha: mbuzi husimamisha mkia, kondoo huuning'iniza. Baada ya hapo ile sehemu ya Mathayo 25 ambapo mchungaji anawatenga kondoo na mbuzi haiwi tena habari ya nchi ya mbali. Ni kazi ya jioni bomani.

Ninaandaa walimu wa watoto wadogo, wakiwemo wanaojitolea sande skuli. Ukiwauliza wanapendea nini kazi isiyo na posho, wengi hujibu kwamba watoto ni malaika, wanachekesha, wanakukumbatia. Ni kweli, ila jibu hilo linaishusha kazi. Furaha kubwa zaidi ya darasa hili ni ya akili. Mtoto wa Dakawa anakuja na ujuzi ambao waandishi wa Biblia walidhani kila msomaji anao, na ambao mwalimu wake, aliyesoma na kukaa mjini, mara nyingi hana.

Dakawa iko wilayani Mvomero, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, karibu na mto Wami. Watu wazima wanaikumbuka kwa ajali iliyomuua Waziri Mkuu Edward Sokoine tarehe 12 Aprili 1984, au kwa makazi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliofika mwaka 1982 na kukabidhi majengo yao mwaka 1992. Kwa mtoto wa miaka sita, Dakawa ni mashamba ya mpunga ya umwagiliaji upande huu na mifugo upande ule. Mkeka mmoja wa sande skuli unaweza kukaliwa na Mkaguru, Mnguu, Mluguru na Mmasai, wakisukumana kwa magoti.

Na katika eneo hili kanisa lilianzia kwa watoto. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, waliowafundisha kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1877 baadhi ya hao, wakiwa sasa vijana waliooana, walipelekwa kuanzisha Mhonda, chini ya milima ya Nguu, kaskazini mwa Dakawa. Tusiipambe historia hiyo: watoto wale hawakuulizwa kama wanataka kufundishwa.

Mwaka 1964 Ronald Goldman wa Uingereza alichapisha utafiti uliowatikisa walimu wa dini. Aliwahoji watoto na vijana 200, wa miaka 6 hadi 17, kuhusu simulizi tatu: kijiti kinachowaka moto, kuvuka Bahari ya Shamu, na majaribu ya Yesu jangwani. Akahitimisha kwamba mtoto hushika maneno jinsi yalivyo mpaka anapokaribia miaka 13, kwa hiyo sehemu kubwa ya Biblia haimfai aliye mdogo. Ninakubaliana naye nusu. Mtoto wa miaka sita hachambui mafumbo. Mwambie Mungu ni mwamba, naye atafikiria jiwe. Lakini anayefikiri kwa vitu anahitaji vitu, na Goldman aliwauliza watoto wa Kiingereza habari za mambo ambayo wengi wao hawakuwahi kuyashika. Dakawa ina vitu.

Chukua kondoo aliyepotea katika Luka 15. Mtoto wa mfugaji huanza kuangalia ndama na wanambuzi karibu na boma akiwa na miaka minne au mitano, na amri ya kwanza anayopewa ni kutoliacha kundi. Sasa anasikia kwamba mchungaji mwenye kondoo mia amewaacha tisini na tisa akamfuata mmoja. Swali linatoka papo hapo: wale wengine aliwaachia nani? Mwalimu mwenye haraka husema hilo si fundisho la leo. Mwalimu anayeijua kazi yake hulirudisha swali mkekani. Mmoja atasema alimwachia mdogo wake. Mwingine, aliwafungia zizini kwanza. Mwalimu anafungua Biblia: Luka anasema nyikani. Kimya. Nyikani kuna fisi. Hapo darasa limefika mahali ambapo mahubiri mengi ya watu wazima hayafiki, yaani kuona jinsi safari ile ya kumtafuta mmoja ilivyokuwa ya hatari, karibu ya kichaa.

Sofia Cavalletti, msomi wa Kiebrania aliyeanza kufundisha watoto huko Roma mwaka 1954 akishirikiana na Gianna Gobbi, mwalimu wa njia ya Montessori, alitumia zizi dogo la mbao na kondoo wa mbao, kisha akamwacha mtoto avichezee kwa utulivu. Wawili hao waligundua kwamba aliye chini ya miaka sita huvutwa na mchungaji anayemjua kila kondoo kwa jina; habari za nifanye nini, nisifanye nini, humvuta baadaye. Ndiyo maana ninawaomba walimu wasifunge kila hadithi ya watoto wadogo kwa "kwa hiyo tuwatii wazazi." Vifaa navyo visitutishe. Watoto wa wafugaji tayari wanacheza na kokoto ambazo ndizo ng'ombe wao, na wana maboma yao ya vijiti. Mwalimu anachotakiwa kufanya ni kuketi chini.

Upande wa mpunga uko hivyohivyo. Mpunga unapoanza kutia maziwa, watoto wa wakulima hupelekwa shambani alfajiri kuamia ndege, kwa madebe, kelele na manati. Wasimulie mfano wa mpanzi, ndege wakala mbegu iliyoanguka njiani, na utasahihishwa: kwelea hutafuta mpunga mbichi kwenye suke, hao wa njiani watakuwa njiwa. Kisha linakuja swali zito. Kwa nini alimwaga mbegu njiani? Mtoto huyu ameona mbegu ya mpunga aina ya SARO ikinunuliwa kwa fedha, ikioteshwa kitaluni, miche ikapandikizwa mmoja mmoja. Mpanzi wa Mathayo 13 anaonekana kwake mtu asiye na hesabu kabisa. Wafafanuzi wa Biblia wameandika kurasa nyingi kuhusu ukarimu huo wa ovyo, huku wengi tuliokulia mjini tukipita juu yake bila kuuona.

Hadithi ngumu kuliko zote kuifundisha hapa ni ya Kaini na Habili. Mwanzo 4 haifichi: Kaini ni mkulima, Habili ni mfugaji, sadaka ya mfugaji inakubaliwa, ya mkulima inakataliwa, na mkulima anamuua ndugu yake. Isome kwa sauti mbele ya mkeka ule niliousema. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, na Mvomero yenyewe imekuwa na mapigano yake katika bonde la Mgongola. Watoto wamesikia wazazi wakizungumza. Kuna walimu wanaoiruka hadithi hii, na siwalaumu. Wapo pia wanaoisoma huku wakimtazama mtoto wa upande mmoja. Hao wapewe kazi nyingine kanisani.

Ninayemsifu ni yule anayethubutu kuanzia pale watoto wanapoanzia: kwa nini Mungu hakuipokea ya Kaini? Watoto hawaulizi kwanza kuhusu mauaji. Wanauliza kuhusu haki, na sayansi inaweza kueleza sababu. Mwaka 2015 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa katika nchi saba, Uganda ikiwa mojawapo, ambapo watoto wawili waligawiwa vitu vitamu na mmoja akapewa uwezo wa kukubali au kukataa mgawo. Katika kila nchi, watoto walifikia umri wa kukataa mgawo uliowapunja, hata kama kukataa kuliwanyima wote wawili. Kukataa mgawo unaompendelea mwenyewe kulionekana baadaye zaidi, tena katika nchi tatu tu: Kanada, Marekani na Uganda. Basi mkeka mzima unamwelewa Kaini alipokunja uso. Mtoto mkubwa kidogo, wa miaka minane au tisa, anaweza kwenda mbele na kuuliza kama Habili naye alijisikia vibaya. Biblia haisemi. Haisemi pia wazi kwa nini sadaka moja ilikataliwa, na mwalimu ana ruhusa ya kuliambia darasa hivyo. Kinachosemwa wazi ni kwamba Mungu alizungumza na Kaini kabla ya kosa, na baada ya kosa akamwekea alama ili asiuawe. Mtoto wa mkulima anahitaji kuisikia sehemu hiyo ya mwisho, na mtoto wa mfugaji pia. Madarasa mengi huishia kwenye damu.

Kuhusu nyimbo za vitendo nina neno moja tu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wameonyesha kwamba kitendo alichokifanya mtu kwa mwili wake hukumbukwa vizuri kuliko kile alichokisikia tu. Kwa hiyo makofi na miguu vina sehemu yao katika somo. Lakini wimbo wa nusu saa ni njia ya mwalimu asiyejiandaa.

Mahudhurio yatapanda na kushuka, na mwalimu asiyaone kuwa dharau. Ng'ombe hawajui Jumapili, na kwelea hawajui pia. Robert Raikes alipofungua shule zake za Jumapili Gloucester mwaka 1780, watoto wa viwandani walikuwa na siku hiyo moja bila kazi. Mtoto wa Dakawa wakati wa kiangazi hana hata hiyo, hivyo somo la leo lisitegemee sana la wiki iliyopita.

Katika sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), mwishoni mwa Septemba huja Siku ya Mikaeli na Watoto, ambapo watoto huongoza ibada. Mazoea ni kuwakaririsha mistari na ngonjera iliyoandikwa na mtu mzima. Ningependa usharika mmoja ujaribu kumpa maikrofoni mtoto wa miaka saba aeleze mwenyewe kondoo hutafutwaje akipotea, na mwenzake aeleze kuamia, kisha mchungaji asome Luka 15 na Mathayo 13 na kuhubiri kutokana na walichosema. Ibada itachelewa kwisha. Mzee wa kanisa mwenye zamu ya maji shambani mchana huo aombe kubadilishana mapema.