Albamu Ikitimiza Miaka 25, Tunasherehekea Nini?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Nina deni. Muhula uliopita, rafiki yangu tunayekaa naye deski moja alinikuta nikiimba polepole wakati wa mapumziko. Akaniuliza kwa sauti iliyofika hadi nyuma ya darasa, "Wewe! Mbona unapenda nyimbo za wazee? Hiyo albamu ilitoka hata hatujazaliwa!" Darasa zima likaangua kicheko. Sikumjibu kwa sababu mwalimu wa Hisabati alikuwa ameshafika mlangoni, na nyote mnamjua. Dawa ya deni ni kulipa, kwa hivyo leo nalilipa.

Muziki wenyewe ni ule wa kufokafoka, yaani hip hop. Albamu ni mkusanyo wa nyimbo zilizotolewa pamoja kwa jina moja, kama vile diwani ilivyo mkusanyo wa mashairi. Siku hizi kuna desturi kwamba albamu iliyosifika ikitimiza miaka 10, 20, 25 au 30, watu huisikiliza upya tangu mwanzo hadi mwisho. Redio huipiga, magazeti huiandikia makala, kampuni za muziki hutoa nakala mpya, na pengine msanii mwenyewe hurudi jukwaani kuiimba. Mfano ni Illmatic ya Nas, kijana wa mtaa wa Queensbridge jijini New York. Ilitolewa tarehe 19 Aprili 1994, Nas akiwa na miaka 20 tu, na haifikishi hata dakika 40. Ilipotimiza miaka 20 mwaka 2014, ilitolewa tena ikiwa na nyimbo za ziada, na filamu ya kuieleza ikaonyeshwa.

Hata hip hop yenyewe ilifanyiwa sherehe ya miaka 50 mwaka 2023. Siku inayohesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwake ni tarehe 11 Agosti 1973, katika jumba la nambari 1520 Sedgwick Avenue, mtaa wa Bronx, New York. Hapa wanafunzi tutege masikio. Msichana aitwaye Cindy Campbell alikuwa akitafuta pesa za nguo mpya za shule, akaandaa karamu. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana. Kaka yake, mzaliwa wa Jamaika anayejulikana kama DJ Kool Herc, ndiye aliyepiga santuri. Alikuwa akirefusha kile kipande cha ngoma tupu ambacho wachezaji walikipenda zaidi. Basi wanaosema ati muziki huu ni adui wa shule wakumbuke kwamba ulianza kwa kutafuta nguo za shule!

Sitaeleza albamu nyingi, maana mshika mbili moja humponyoka. Nimechagua ile niliyokuwa nikiiimba siku hiyo, The Miseducation of Lauryn Hill, yaani "elimu potofu ya Lauryn Hill". Ilitolewa tarehe 25 Agosti 1998, mwimbaji akiwa na miaka 23. Kabla ya hapo alikuwa katika kundi la Fugees. Katika wiki ya kwanza peke yake ziliuzwa nakala zaidi ya 400,000 nchini Marekani. Februari 1999 ilimpatia tuzo tano za Grammy kwa usiku mmoja, na ikawa albamu ya kwanza ya hip hop kushinda tuzo ya albamu bora ya mwaka. Hadi leo hajatoa albamu nyingine ya studio akiwa peke yake.

Niliijua vipi? Tarehe 25 Agosti 2023 ilikuwa Ijumaa, na sisi tulikuwa likizoni. Mama ni fundi wa nguo. Alikuwa akishona huku redio ikilia, mtangazaji akasema albamu hiyo leo inatimiza miaka 25. Mama akasimamisha cherehani. Akasema, "Nilikuwa na kanda ya hiyo." Jioni tukaisikiliza yote kwa simu hadi bando likaisha. Tangu siku hiyo nimeisikiliza mara nyingi, nami nimeona kuna sababu nne za kurudia albamu ya zamani.

Kwanza, tunasikia yale yaliyotupita. Albamu hii haianzi kwa wimbo. Inaanza kwa kengele ya shule, halafu mwalimu anaita majina ya wanafunzi kutoka kwa daftari la mahudhurio. Kila mmoja anaitika. Likifika jina la Lauryn Hill, kimya. Hayupo. Halafu nyimbo zinaanza, na katikati ya nyimbo tunarudishwa darasani mara kwa mara, ambapo mwalimu na vijana wanajadiliana maana ya mapenzi. Mtu akisikia wimbo mmoja mmoja redioni hawezi kujua hayo. Hawezi kujua kwamba albamu nzima ni darasa, na kwamba mwimbaji ndiye mwanafunzi aliyekosa darasa hilo akaenda kujifunza nje. Sauti ya mwalimu ni ya Ras Baraka, mshairi na mwalimu wa kweli, ambaye mwaka 2014 alichaguliwa kuwa meya wa mji wa Newark. Jina la albamu nalo linatukumbusha kitabu cha mwanahistoria Carter G. Woodson cha mwaka 1933, The Mis-Education of the Negro, kilicholalamikia elimu iliyomfundisha Mmarekani mweusi kujidharau.

Pili, tunajua nasaba ya wimbo. Katika hip hop kuna ufundi wa kuazima kipande cha wimbo wa zamani na kukijengea wimbo mpya juu yake. Rafiki yangu wa deski anampenda sana Drake na wimbo wake wa 2018, Nice for What. Sauti ya mwanamke inayosikika humo ni ya Lauryn Hill, kutoka kwa wimbo Ex-Factor wa albamu hii. Lakini Ex-Factor nao uliazima kutoka kwa wimbo wa kundi la Wu-Tang Clan uliotoka mwaka 1993. Na hao Wu-Tang walikuwa wameazima kutoka kwa Gladys Knight, aliyeimba miaka ya 1970. Umeona mambo hayo? Kijana anadhani anaimba wimbo mpya kabisa, kumbe anaimba pamoja na nyanya yake! Kwa hivyo rafiki yangu, wewe pia unapenda nyimbo za wazee, ila hukuwa umeambiwa.

Tatu, tunaweka hesabu sawa. Sifa za 1998 zilimwendea mtu mmoja. Lakini mwaka huohuo wanamuziki wanne waliofanya kazi naye walikwenda mahakamani wakidai kwamba walishiriki kuzitunga na kuzitayarisha baadhi ya nyimbo, na majina yao hayakuandikwa inavyostahili. Kesi hiyo ilimalizwa nje ya mahakama mwaka 2001. Simhukumu mtu hapa. Ninasema tu kwamba siku ya sherehe ni siku nzuri ya kuuliza nani mwingine alikuwepo. Mle ndani kuna gitaa la Carlos Santana, sauti ya Mary J. Blige na ya D'Angelo, na kinanda cha kijana aliyekuwa bado mwanafunzi, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la John Legend. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nne, na hii ndiyo kubwa, tunajipima sisi wenyewe. Albamu haibadiliki. Ni ileile ya 1998. Anayebadilika ni msikilizaji. Hapa itabidi nieleze habari ya Mama, na ameniruhusu. Ameisoma makala hii hata kabla ya mhariri.

Mama alinunuliwa kanda hiyo na mjomba mwaka 1999, akiwa Kidato cha Tatu na umri wa miaka 16, kama mimi sasa. Alikuwa katika shule ya kutwa ambayo sitaitaja. Mle kuna wimbo uitwao To Zion. Lauryn Hill alimwimbia mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1997. Anaeleza jinsi alivyopata mimba wakati jina lake linapaa, na watu wakamshauri afikirie kazi yake ya muziki, lakini yeye akachagua kumzaa mtoto. Mama anasema aliurudia wimbo huo mpaka kanda ikaanza kukwama, akawa anaizungusha kwa kalamu ya biro. Muhula wa pili mwaka huo aliacha shule. Mtoto aliyezaliwa ni kaka yangu mkubwa, ambaye sasa ana kazi yake na ndiye hunitumia pesa za vitabu.

Nilimuuliza Mama kama wimbo ule ulimfariji. Akafikiri kidogo, akasema, "Wakati ule nilisikia mtoto tu. Sasa nasikia na shule." Maana yake ni kwamba Lauryn Hill alimpata mtoto na kazi pia ikaendelea, lakini yeye Mama hakuna aliyemwambia anaweza kurudi darasani. Rafiki yake alimsimulia baadaye kwamba jina lake liliendelea kuitwa kila asubuhi hadi muhula ukaisha, kwa sababu lilikuwa limeandikwa daftarini. Linaitwa, kimya, linaitwa linalofuata. Kwa hivyo mwaka 2023 tuliposikia ule mwanzo wa albamu, mimi nilicheka nikidhani ni mchezo wa kuigiza. Mama hakucheka.

Bila sherehe ya miaka 25, mimi nisingejua habari hiyo. Ningejua tu kwamba Mama ni fundi.

Je, kila sherehe ya albamu ni ya maana? La. Nyingine ni biashara tu. Kampuni hubadilisha jalada, huongeza wimbo mmoja uliokataliwa zamani, kisha humuuzia mtu kitu alicho nacho tayari. Vilevile si kila jambo la zamani ni dhahabu. Ziko albamu zilizosifiwa miaka ya 1990 ambazo ukizisikiliza leo unaona haya jinsi zinavyowatukana wanawake. Kusikiliza upya si kusifu tu. Ni kusahihisha mtihani uliokwisha kufanywa, na wakati mwingine alama hushuka.

Nasi Waswahili tusisahau za kwetu. Saleh Jabir wa Tanzania alianza kutia Kiswahili katika midundo ya Marekani mapema miaka ya 1990. Hapa Kenya, Kalamashaka, vijana wa Dandora, Nairobi, walifokafoka kwa Kiswahili mwishoni mwa miaka hiyo wakaeleza maisha ya mtaa wao bila kuogopa. Maktaba ya bunge la Marekani imeziweka Illmatic na albamu ya Lauryn Hill katika orodha ya sauti za kuhifadhiwa kwa manufaa ya taifa. Za kwetu nani atazihifadhi kama si sisi? Chama chetu hukusanya methali na vitendawili kila mwaka. Napendekeza tuongeze na nyimbo hizi, tuandike maana ya maneno yake kabla wenye kuyajua hawajayasahau.

Ukitaka kujaribu, fanya hivi. Tafuta albamu iliyotoka mzazi wako akiwa na umri wako. Isikilize yote kwa mpangilio wake, usirukeruke. Andika majina ya walioshiriki. Kisha muulize mzazi alikuwa wapi wakati huo, halafu nyamaza umsikilize.

Neno la mwisho ni la darasa letu. Liko jina ambalo limekuwa likiitwa tangu muhula wa kwanza, na hakuna anayeitika. Sote tunajua sababu, na wengine tulicheka. Miongozo ya serikali ya mwaka 2020 inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni. Mimi nimekwenda kwao mara mbili, nikampelekea madaftari ya Kiswahili na Historia. Ya Hisabati ninayo mimi lakini hayasomeki, kwa hivyo rafiki yangu wa deski, wewe uliyeniuliza swali lile, tafadhali nipe yako Ijumaa. Nitakurudishia Jumatatu.